Mota Tatu za Mashine ya Shangazi

Shangazi yangu alipofiwa na mumewe nilihamia kwake, Malindi mjini, kukaa naye eda. Ndivyo ilivyo kwetu: mjane haachwi peke yake miezi minne na siku kumi. Dada zangu wana watoto, mimi sina, na kazi yangu ya kutengeneza printa na mashine za fotokopi naweza kuifanya popote penye meza. Basi nikatumwa mimi. Nilikwenda kumfariji, na wallahi marehemu nilimpenda, lakini siku ya tatu tu nilikuwa nimesimama karakanani mwake huku moyo ukinienda mbio kama mwari aliyeletewa posa.

Karakana imeshikana na nyumba. Ukuta wa chumba cha shangazi ndio huohuo ukuta wa karakana. Humo mlikuwa na mashine ya kuchongea chuma, ndogo, ya kukaa juu ya meza. Chuma hufungwa chini, kisu huzunguka juu, na kuna mikono mitatu ya kuzungusha: mmoja wa kupeleka chuma kushoto na kulia, mmoja mbele na nyuma, mmoja wa kupandisha na kushusha. Marehemu aliizungusha mikono hiyo miaka na miaka. Nikawaza: nikifunga mota kwenye kila skrubu, na kompyuta ikaziamuru zote tatu kwa pamoja, mashine hii itachonga hata maumbo ya kupinda, kitu ambacho mikono ya binadamu haiwezi.

Nilimweleza shangazi mchana huohuo, upesi upesi, kama kawaida yangu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia nisilolijua. Mashine ilimwangukia yeye katika mirathi, na kaka yake mkubwa, ami yangu, alikwishampata mnunuzi wa Mombasa. Angekuja eda ikiisha.

“Mashine iliyonyamaza nitaifanyia nini? Tutabaki kutazamana tu,” akasema. “Haya, ichezee. Ikifanya kazi, itabaki. Isipofanya, itakwenda zake. Lakini ile mikono usiing’oe. Stima ikikatika, mtu aweze kuzungusha.”

Mota za kazi hiyo nilizijua tangu kwenye printa. Hazizunguki ovyo kama ya pangaboi. Husogea hatua moja ndogo kila zinapopewa pigo moja la umeme. Ukihesabu hatua, unajua kitu kilipo. Mtu mwenye subira angekaa akapiga hesabu ya nguvu inayotakiwa. Mimi niliagiza mota kubwa kuliko zote alizokuwa nazo muuzaji wa Nairobi. Kwetu mgeni hapikiwi kwa kipimo, na mashine ile niliikirimu kama mgeni. Zilikuja kwa basi, nene kama makopo ya maziwa ya unga, nikazipakata kwenye tuktuk njia nzima nikicheka peke yangu. Kwenye draiva, vile visanduku vinavyoigawia mota umeme hatua kwa hatua, ndipo nilipojibana. Nilichukua vidogo, vya volti ishirini na nne.

Polepole, zilisukuma meza ya chuma bila hata kuguna. Nilipoziharakisha zililia, zikatetemeka, zikasimama. Nilipiga teke ndoo, ndoo ikapiga mlango, na shangazi akauliza kutoka chumbani kama kuna mwizi. Nilihamaki siku mbili nzima kabla ya kukaa kitako na kusoma. Kumbe nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi ya mota ni ya kusimama, si ya kwenda mbio. Mota kubwa ina waya mwingi ndani, na waya mwingi haujai umeme upesi. Hatua ya pili inafika ya kwanza haijashiba. Dawa yake ni mota ya wastani na draiva ya volti nyingi zaidi. Niliruka juu niliposoma hayo, kana kwamba nimeyagundua mimi.

Muuzaji alikubali kubadilisha. Akaniambia anazo mota nyingine bora, zenye kihesabio nyuma: zikikosa hatua zinajua na kujirekebisha. Mate yalinitoka. Lakini kihesabio kinakaa mahali palepale ambapo ningefunga mkono wa kuzungusha, na sharti la shangazi lilikuwa wazi. Nikachagua zile za kawaida, ambazo mhimili umetokeza pande zote mbili: mbele unashika skrubu, nyuma nafunga mkono. Na draiva za volti arobaini na nane. Nilichagua nikiwa nimenuna.

Zilipofika nilizifunga siku hiyohiyo, nikaiamuru mashine ichore duara kwenye kipande cha ubao. Nilipoona meza inajiendesha yenyewe, mikono ya marehemu inazunguka bila mtu kuigusa, nilipiga kigelegele. Mara ukuta ukagongwa.

“Imemeza hapo!” ilikuwa sauti ya shangazi.

“Haijameza kitu, shangazi!”

“Imemeza, nakwambia. Huu ukuta n’meusikiliza tangu niolewe. Nikijua kisu kimekuwa butu kabla ya bwana mwenyewe kujua.”

Nilipima ili kumkomesha. Duara halikukutana, pengo lilikuwa nene kama msumari. Kweli mota ilikuwa imemeza hatua kadhaa, na kompyuta, isiyojua lolote, iliendelea kana kwamba mambo ni shwari. Nilianza kucheka, na yeye ng’ambo ya pili akacheka, mara yake ya kwanza tangu msiba.

Kuanzia hapo tulifanya kazi wawili. Wateja wa kiume waliingia karakanani wakati wowote, kwa hivyo yeye hakukanyaga humo. Alikaa chumbani kitandani, sikio ukutani. Akigonga, nilipunguza mwendo, au nilipandisha umeme kidogo kwenye vile viswichi vya draiva. Mota ikiwa ya moto hata haishikiki, nilishusha tena. Alasiri moja mashine ilichonga saa nzima na ukuta haukugongwa. Niliogopa labda amelala, nikaenda kuchungulia. Alikuwa macho, ameketi wima.

“Sasa inasema,” akaniambia.

Wiki ya mwisho ya eda, fundi wa mashamba ya chumvi ya Marereni alileta pangaboi la pampu, lile la kusukumia maji, lililoliwa na chumvi, mapanga yake yote ni ya umbo la kupinda. Zamani marehemu angelichonga kwa tupa siku nyingi. Nililipima, nikalichora kwenye kompyuta, nikafunga kipande cha shaba, lakini sikuianza kazi. Nilimngoja shangazi.

Eda iliisha, akaoga, akavaa nguo mpya, akajifukiza udi, akaingia karakanani. Ami yangu na mnunuzi nao wakafika asubuhi hiyohiyo. Nilitoa shikamoo zangu, nikaiwasha mashine. Kisu kikashuka, kikafuata pindo la panga la kwanza, la pili, la tatu. Vipande vya shaba vikaruka vinang’aa. Sikutazama mashine, nilimtazama shangazi usoni, nikingoja akunje kipaji cha uso. Hakukikunja. Pangaboi lilipotoka, mnunuzi aligeuza lile jipya na lile la zamani mikononi, akamwambia ami kwamba kwa mashine hii sasa yuko tayari kuongeza bei, tena sana.

Ami akatabasamu. Kazi yangu yote, nilikuwa nimempambia mnunuzi!

“Mimi nilisema isipofanya kazi itakwenda,” shangazi akasema. “Sikusema ikifanya kazi iende ghali. Kaka, mpe mgeni chai, kisha msindikize.”

Nilimrukia shingoni. “Nilijua hutaiuza mashine yangu!”

“Yako? Nani kakwambia yako?” Alinisukuma huku akinicheka. “Mashine ni yangu. Wewe ndiye fundi wangu.”

Miaka yote ya kutengeneza printa, wateja wamekuwa wakiniona mwanamke, kisha wakichungulia nyuma yangu na kuuliza fundi yuko wapi. Nililia pale pale, mbele ya ami na mgeni wake, nikiwa nimeshika pangaboi ambalo bado lilikuwa la moto.

“Na kesho uamke mapema,” akasema shangazi. “Yule wa Marereni ana pampu nne.”