Varanda ya mbao imekataa kukauka, nyayo za mama mkwe zikabaki: nilifanya sawa ama nimeharibu?

Wakuu, habari za mchana.

Haya yametokea kwangu, sijaongeza chumvi hata punje. Kuna mahali mtacheka. Chekeni tu, lakini mkimaliza mnisaidie, maana mpaka leo kichwa hakijatulia.

Mimi ni Msamia, nakaa Busia upande wa Kenya, nina duka dogo la mbegu. Mke wangu Athieno ni Japadhola, kwao ni Nabuyoga, Tororo, upande wa Uganda. Tumepata mtoto wetu wa kwanza, kijana, kwa upasuaji. Athieno hawezi kuinama, hawezi kubeba ndoo. Akasema anamtaka mama yake.

Sawa. Nani atamkatalia mzazi wa mara ya kwanza mama yake?

Shida ni kwamba kwa mila, kwetu na kwao, mama mkwe haingii nyumba ya mkwe wake hivi hivi. Na chumba cha kulala ndiyo usiseme kabisa. Najua wengine hapa mmeacha hayo mambo, ni sawa, wakwe zangu hawajaacha.

Kulala tulipata jibu haraka. Jirani yetu mjane akatoa chumba. Lakini mchana je? Atamshikia mtoto wapi? Uwanja wangu mvua ikinyesha ni tope tupu.

Nikasema nitajenga varanda ya mbao mbele ya mlango, mama akae hapo kwa heshima zake.

Nikampigia shemeji Ochwo, kaka yake Athieno. Huyo ni mtu wa mila mpaka kwenye kucha. Akaniuliza, "Hiyo kitu itashikana na nyumba?"

Nikamwambia ndiyo, si ni varanda.

"Basi hiyo ni nyumba. Kama paa ni moja, hiyo ni nyumba. Mama hatakaa."

Nikamuuliza baba mdogo wangu hapa Samia. Yeye akasema paa si kitu, kitu ni ukuta. Mzee mwingine akasema nikiweka reli ya pembeni tu kishakuwa chumba. Wakuu, nilisimama pale na futi mkononi sijui nipime nini.

Mwisho nikajenga sakafu ya mbao iliyojitenga na ukuta, pengo la kupitisha kiganja. Haina paa. Haina reli. Upande wa barabara nikaweka fensi fupi ya mbao ili wapita njia wasimkodolee mama macho. Nikamtumia Ochwo picha. Akakubali.

Wenye akili mshaona kosa linakuja wapi. Mbao zisizo na paa, jua la Busia mchana, mvua jioni. Zingepasuka kabla mtoto hajaota jino. Lazima zipakwe kitu.

Niliangalia video mtandaoni, mzungu anapaka stain, ile rangi ya kuzama ndani ya mbao, kwenye varanda yake, mbao zinaikunywa vizuri, zinang'aa. Nikanunua debe la kahawia. Nikapaka fensi asubuhi, mchana nikapaka varanda. Debe moja. Brashi moja. Mkono mmoja, wangu mwenyewe.

Kesho yake fensi imekauka, unapitisha kiganja hakuna kitu.

Varanda inanata.

Kesho kutwa inanata. Jua likiwaka ndiyo inalainika zaidi.

Aliyeniuzia akasema nilipaka nene. Jirani akasema ni umande. Mtu mmoja sokoni akanishauri niongeze koti la pili, eti la juu litavuta la chini. Nikaongeza. Wakuu, kuongeza koti juu ya koti ambalo halijakauka ni kumlisha mtu anayetapika. Ikawa lami.

Nikamuita fundi Egesa, aliyejenga. Akagusa kwa kidole, akanusa, akaniangalia kwa mshangao wa kweli.

"Lakini boss, hizi si nilipiga oil kwanza?"

Oil gani?

"Oil chafu, ya lori. Juu na chini. Ama unataka mchwa wale hii kitu? Nilikusaidia tu, hata sikukudai."

Na si uongo, huku kwetu hakuna nguzo inayoingia ardhini bila oil chafu. Hata mimi, ingekuwa ni nguzo, ningepaka. Kwenye fensi alichovya miguu ya nguzo peke yake, ndiyo maana mbao za juu zilikunywa stain zikakauka. Varanda kwa sababu iko karibu na ardhi akaishibisha yote. Stain ikakosa pa kuingia, ikabaki juu inaelea.

Na mimi nilipoziona mbao zimekuwa nyeusi nilifurahi. Mkaratusi umefanana na mvule, nikawa nawaonyesha watu.

Kabla sijajua la kufanya, mama mkwe akafika.

Akavua ndala chini, akapanda, akakaa kwenye kiti cha plastiki. Mimi nilisimama mbali kidogo kama inavyotakiwa, macho chini. Akaongea na Athieno, na mimi nikiwa papo hapo nasikia:

"Ambia baba mtoto, mbao yake nakamata miguu."

Aibu niliyosikia! Nikatandika maboksi. Maboksi yakanata pia, ukiyabandua yanabaki nusu. Akasema yawache, yeye nazoea. Kila akitoka pale kwenda kwa jirani, ndala mkononi, anaacha nyayo za kahawia kwenye majani. Mimi nikaamua nitaikwangua akishaondoka.

Mtoto akatulia. Athieno akaanza kula. Nyumba ikawa na amani ambayo haikuwepo, nasema ukweli.

Sasa siku moja Ochwo akapiga simu dukani. Wako mpakani, yeye na wajomba wawili, wanakuja kumwona mtoto. Nikafunga duka, nikachukua soda, nikakimbia nyumbani.

Athieno alikuwa bafuni nyuma ya nyumba. Mama mkwe yuko kwenye kiti chake, mtoto mikononi. Nikapita kwa heshima, nikaingia ndani.

Kwenye sementi kuna nyayo.

Za kahawia. Zimetoka mlangoni, zimekata sebule, zimepita chini ya pazia, zimefika kitandani kwetu, zimerudi. Miguu mitupu, mipana, kidole gumba kimejitenga. Athieno havui kandambili tangu hospitali. Na mguu wangu ni mrefu kama jembe.

Nikarudi mlangoni. Mama mkwe anaangalia barabara. Mtoto mashavu bado yana machozi.

Athieno akatoka bafuni, akaona sakafu, akaniona mimi.

"Mtoto alikuwa analia sana kitandani," akasema. "Mimi niko na sabuni mwili mzima. Halafu nikasikia amenyamaza."



Kwa wasiojua: hilo si jambo dogo. Wajomba wakiona zile nyayo, mama anarudishwa Nabuyoga siku hiyo hiyo. Kikao, mbuzi, na maneno. Mwanamke wa umri ule aitwe aliyeingia chumba cha mkwe wake. Na Athieno abaki na nyuzi tumboni, na mtoto, na mimi nisiyejua hata kufunga nepi.

Nikachukua mafuta ya taa na kitambaa. Nikasugua. Alama ikatanuka, haikutoka, sementi imeshakunywa. Kile mbao zilichokataa, sementi imekunywa! Nikataka kutandika mkeka, mkeka wangu haufiki hata katikati. Simu ikalia tena, Ochwo, wameshapanda pikipiki.

Wakuu, hapo sijui niliwaza nini. Sidhani kama niliwaza.

Nikavua viatu na soksi. Nikatoka, nikapanda varanda mbele ya mama mkwe, kitu ambacho sikuwa nimethubutu tangu afike. Yeye akageuza uso. Nikakanyaga pale panaponata zaidi, nikasaga miguu kama mtu anayekanda udongo. Nikaingia ndani, nikaanza kukanyaga juu ya nyayo zake. Moja baada ya nyingine. Mpaka kitandani, na kurudi. Nikatoka tena kuongeza rangi, nikaingia tena. Athieno akaelewa. Akanishikia pazia.

Nikimaliza tu, pikipiki zikasimama nje.

Ochwo akafika mlangoni, akaona sakafu, akashika kiuno.

"Shemeji! Wewe nakanyaga rangi mbichi halafu naingia nayo mpaka kwa kitanda?"

Wajomba wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Wakaniita majina. Wasamia wote wakatukanwa siku hiyo kwa ajili yangu. Mimi nikacheka kama mjinga, nikasema nilisahau.

Ochwo akamgeukia mama yake. "Mama, wewe uko hapa, hukuona huyu mtu?"



Mama mkwe hakuinua macho kutoka kwa mtoto. Akasema polepole, "Mimi naona. Nasikia mtoto nalia peke yake, akakimbia. Sasa akifikiria miguu saa ngapi?"

Ochwo akasema kweli, hapo hata yeye angekimbia. Wakanywa soda, wakaenda.

Mama mkwe alikaa mpaka Athieno akapona. Hatujawahi kuligusa lile jambo, yeye na mimi wala mimi na Athieno.

Sasa, mafunzo. Msipake stain juu ya oil, hata akisema nani. Kabla ya kupaka, dondosheni maji kwenye ubao. Yakizama, pakeni. Yakisimama juu kama shanga, wekeni brashi chini. Mimi nimekwangua yote kwa kisu bapa, nikaosha kwa sabuni ya unga na maji moto, nikaanika jua, nikapiga msasa. Mbao nyingine sasa zinakunywa maji, nyingine bado. Aliyewahi kutoa oil chafu kwenye mbao aniambie alitumia nini.

Lakini la pili, la zile nyayo, ndilo linalonisumbua. Rafiki yangu niliyemweleza anasema nimefunika kosa, nyumba haina usafi mpaka mbuzi achinjwe. Mwingine anasema nyayo zilizopo ni zangu, hakuna aliyeingia. Nikilala nasema huyu ana haki, nikiamka nasema yule ana haki. Nikisema wazi namvunjia heshima mama. Nikinyamaza, je, nimeidanganya mila ama nimeilinda? Sijui, wakuu. Karibuni mseme.

Mimi ninachokielewa ni kimoja tu. Mtoto alilia, akabebwa.