Kona ya Mto Alipozikwa Mama

Mjukuu wangu wa kike, afanyaye kazi ofisi ya ardhi mjini Chake, aliniletea ramani ya bonde letu la mpunga, huku Ole. Ya zamani, ya enzi za Mwingereza, mie bado kigori. Akaitandaza mkekani, akanionyesha vilima kwa mistari ya rangi ya udongo, na mto kwa mstari wa buluu.

Nilimwomba mwenyewe, aniwekee alama pa kunizika. Nataka nikifa nizikwe ubavuni mwa mama. Mama alizikwa kwenye kona ya mto, na mashahidi ya kaburi lake, kichwani na miguuni, yalikuwa mbao tu, mchwa wakala. Dada zangu wakaolewa mbali; mie nikaolewa Kengeja, nikakaa huko hata nikafiwa na mume. Tuliporudi, kaburi tulilijua kwa ile kona. Kila Shaabani mie na dada zangu tulikwenda kupalilia, tukasoma Yasini, tukamwagia maji. Dada zangu wametangulia. Sasa nakwenda peke yangu.

Mjukuu akafuatisha buluu kwa kidole, akarudi mwanzo, akaifuatisha tena.

"Mbona warudia?"

"Bibi, kona yenu humu haimo. Hapo mto umenyooka. Kona iko kule chini, penye kisima."

"Basi kakosea aliyechora. Bonde letu yeye kalijulia wapi?"

"Mto ulichimbwa upya, bibi, kilipokuja kilimo cha maji. Ukahamishwa."

Habari hizo zilinifika Kengeja, wala sikuzitia maanani. Kisima nacho nikakikumbuka: siku ya maziko, maji ya kumwagia kaburi yalitekwa pale pale, hayakubebwa mbali.

Asubuhi tukashuka. Kwenye kona ya kweli, ile ya ramani penye kisima, pana majaruba, mpunga umefika magotini. Jirani yetu alikuwa akipalilia. Aliposikia tulilofuata akatoka matopeni, mikono inamtiririka.

"Bi mkubwa, mie nimepakuta hivi hivi. Wallahi."

"Najua, mwanangu. Palilia."

Nikasimama kwenye tuta nikawataja waliolala pale: mama, shangazi zangu, wifi yangu na kichanga chake. Kila mmoja kwa jina lake na la baba yake. Jirani hakurudi majini mpaka nilipomaliza.

Njiani mjukuu akaniuliza, hanitazami, "Sasa wewe, bibi, tukuweke wapi?"

"Pale pale tulipokuwa tukisoma," nikamwambia. "Pamepaliliwa miaka yote hii, na hapana mtu."