Tundu la Ukuta Nililoingilia Nyumbani

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Wa rika langu, hamjambo. Mama mchungaji ameniomba nisimame mbele yenu hapa Busawe niseme niliyopitia, na ameniambia niseme kwa kifupi kwa sababu kuna watu wametoka mbali. Nitajitahidi. Ila mkiona ninainama wakati ninaongea, si dharau. Mgongo wangu bado unachoka kusimama.

Naitwa Bhoke. Nimezaliwa Mbalibali, upande ule ambao ukimaliza mashamba ya mtama unakutana na pori. Nyumba yetu ilikuwa nyumba ntobhu. Wengi mnaijua, lakini naona wageni, basi nieleze. Bibi Nyangi hakujaliwa mtoto, na mume wake akafa. Akatoa ng'ombe akamwoa mama yangu, Robi, mwanamke kwa mwanamke, ili mama amzalie watoto wa kulishika boma lile. Mimi nikatangulia. Bibi akanipokea, akaniangalia, akasema, "Huyu ni wa kwenda kwa watu. Sasa leta wa kukaa." Hakuwa na ubaya. Ndivyo anavyoongea, utadhani anapasua kuni. Baada ya miaka mingi akaja Mwita. Siku hiyo Bibi alicheza mpaka mguu ukamvimba.

Mwita nilimlea mimi. Alijifunza kulala mgongoni kwangu. Alipokua kidogo akawa na tabia ya kuficha kipande cha ugali mfukoni. Ukimuuliza, anasema, "Ni cha baadaye." Kaptula zake zote mifuko ilikuwa migumu kwa ugali mkavu, na mimi ndiye niliyezifua. Nilikuwa msichana wa kawaida. Nilichota maji, nilichunga ndama, niligombana na mama kuhusu kusuka nywele.

Ugonjwa ulianza mwaka niliomaliza darasa la saba. Ulianzia kwenye taya. Meno ya nyuma yaliuma, na nikiamka nakuta nimetafuna upindo wa blanketi. Kisha ikafuata pua. Mbuzi akichinjwa kitongoji cha pili, mimi nasikia harufu yake nikiwa kisimani, na mate yananitoka. Mnajua kwetu wanaume wakichinja wanapika kichuri, ile supu chungu ya mbuzi, na ini linapita mikononi likiwa bado na joto. Nikaanza kwenda kusimama pale na wao. Wakanipa kipande, wakacheka. "Huyu angekuwa mura, kijana wa kiume, ng'ombe wasingetosha!" Watu wa mahali pengine wangeogopa mapema. Sisi tulicheka, na mama akajisifia kwamba binti yake ana afya.

Nywele zikaota kwenye uti wa mgongo. Nilizinyoa kwa wembe kwa siri, zikarudi nene kuliko mwanzo. Mkojo wangu ukawa na harufu kali mpaka mbwa wetu akahamia kwa jirani. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa na mgongo wangu. Siku moja niliinama kisimani kujaza ndoo, nikashindwa kunyooka. Nilirudi nyumbani kwa mikono na miguu, na watu wakiniona.

Mama akanipeleka zahanati. Mganga akanitoa damu kidoleni, akasoma kipimo chake, akasema, "Malaria hakuna. Taifodi ipo kidogo." Akanipa vidonge. Cheka tu, mama. Huku kwetu hata ukiwa unageuka fisi, taifodi kidogo haikosi.

Siku nilipogeuka sitaieleza sana. Ilikuwa jioni, nikirudisha ndama. Viungo vyote viliteguka kwa mara moja. Nilisikia nyonga zikihama. Nilitapika, nilijinyea. Nilipotaka kumwita mama, sauti iliyotoka ndiyo ile mnayoijua ya porini, ile inayofanana na kicheko. Nikakimbia. Nilikimbia kwa aibu, maana njaa ilikuja baadaye.

Msiniulize nani aliniloga. Nimeulizwa mpaka nimechoka. Sijui.

Porini niliishi na fisi. Kwa fisi majike ndio wenye sauti, kwa hiyo sikuona ugeni mkubwa, nilikuwa nimetoka kwa Bibi Nyangi. Mgeni hula mwisho. Nilikula ngozi, nilikula mifupa, nilikula vitu ambavyo mbele ya chakula cha watu sivitaji. Nilipigwa, sikio hili mnaloliona halina ncha lilikatwa huko. Na nitawaambia ukweli: kuna siku nilishiba na kulala juani na sikumkumbuka mama hata kidogo. Hilo nalo linaniuma.

Nyumbani walinitafuta, wakapata sketi yangu ina damu. Wakangoja. Mwishowe Bibi akasema boma haliwezi kukaa limeachama mdomo, lazima lilie, liendelee. Mama akanyoa nywele. Wakakata mgomba uwe badala ya mwili wangu, wakauvalisha sketi yangu ya shule, wakauzika nyuma ya zizi. Hayo yakishafanyika yamefanyika. Aliyekwisha kuliliwa, akiita mlangoni, haitikiwi. Wazee walitufundisha kwamba ni mauti hiyo, imekuja na sauti ya mtu wako kuangalia nani atafungua.

Sasa ugonjwa wangu ulikuwa kama homa, unapanda na kushuka. Baada ya mvua za masika, usiku mmoja wa mbalamwezi niliamka nikiwa na vidole. Nikatazama mikono yangu nikalia. Nilikuwa uchi, nina vidonda, nina baridi, lakini nilikuwa mtu. Nikatembea mpaka nyumbani nikijishikilia kwenye miti na nyua za watu. Nikagonga.

"Mama, ni mimi Bhoke. Mama, nina baridi."

Pua yangu ilikuwa bado ya porini. Nilisikia harufu ya mama nyuma ya mlango, karibu kabisa. Kati yetu kulikuwa na ubao tu. Nikasikia sauti ya Bibi, "Usiitike. Robi, usiitike, utatumaliza." Mama alikuwa analia amejiziba mdomo. Kisha Mwita akasema, "Si ni Bhoke?" Bibi akamwambia, "Bhoke tulimzika. Nyamaza."

Nilikaa pale kwenye vumbi mpaka mbingu ilipoanza kuwa nyeupe. Niliona kaburi langu, migomba midogo ilikuwa imeota juu yake. Nikaondoka kwenda kijitoni kunywa maji, na huko homa ikapanda tena.

Asubuhi Mwita akatoa ndama. Akawaacha, akafuata nyayo zangu kwenye umande.

Mnivumilie hapa.

Nitasema ninachokumbuka, sitaongeza. Nilikuwa nimeshageuka, na fisi wengine walikuwa wamenifikia. Mwita alisimama ng'ambo ya kijito. Tulikuwa wengi, lakini aliniangalia mimi. Sijui alinijuaje. Akatia mkono mfukoni, akatoa ugali, akaunyoosha. Akasema, "Bhoke, shika." Nikaruka kijito. Wote tuliruka. Baada ya hapo nakumbuka vumbi na kelele, na nakumbuka ladha ya ugali mdomoni mwangu. Kama niliruka kumkinga, au niliruka kama wao, sijui. Nimelala na swali hili na nimeamka nalo. Mungu anajua, na bado hajaniambia.

Tangu siku hiyo mwili ulikataa. Sikuweza kumeza kitu. Nywele zilitoka mafungu mafungu, ngozi ikapasuka, nikawa natapika maji ya kijani. Wanawake waliokwenda kukata nyasi za kuezekea wakanikuta nimejikunja kando ya kijito, mtu kamili, nusu maiti. Mungu awabariki wanawake wale. Walinifunga kanga, wakanibeba kwa kupokezana mpaka barabarani, nikapelekwa hospitali.

Daktari aliniuliza nilianguka kutoka wapi. Nikamwambia mbali. Akacheka kidogo, akanitibu vidonda, minyoo, na damu iliyopungua. Mgongo alisema utanyooka polepole nikifanya mazoezi. "Ila binti," akasema, "usitambae tena. Hata ukichoka, keti, lakini usitambae." Nesi alinikuta nimelala chini ya kitanda kila asubuhi. Hakunigombeza. Alikuwa anapiga magoti, ananiambia, "Haya, mgonjwa wangu, panda juu, juu ndiyo kwa watu." Chumvi iliniunguza ulimi. Kijiko kiligonga meno. Na kucheka niliacha, kwa sababu najua nikicheka ni sauti gani inaweza kutoka. Mpaka leo sicheki.

Mama alisikia kuna msichana ameokotwa. Alikuja na kichwa kilichonyolewa upya, nikajua kanyoa kwa ajili ya nani. Alisimama mlangoni mwa wodi.

"Wewe ni nani?"

"Ni mimi, mama."

"Mwita yuko wapi? Tumeona kandambili tu."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, hata ladha ya ugali. Akatoka. Nikadhani ameondoka, na nikaona ni haki yake. Baadaye kidogo akarudi na ndoo ya maji ya moto, akaniosha kuanzia kichwani mpaka nyayo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mama yangu siku ile alikuwa na uchungu wa wana wawili, mmoja ndani ya mwingine.

Niliporuhusiwa, shida ilikuwa kuingia nyumbani. Aliyeliliwa hapiti mlangoni. Lazima ukuta wa nyuma utobolewe, apite hapo kama anayezaliwa, apokewe upande wa pili, alishwe. Na anayetoboa ni mwenye boma. Mwenye boma ni Bibi Nyangi, ambaye alitoa ng'ombe wake wote apate Mwita.

Nikakaa nje, chini ya ghala la mahindi. Mama aliniletea chakula pale. Bibi alipita mbele yangu akienda zizini, akarudi, hakunitazama. Majirani wakamwambia nifukuzwe. Hakunifukuza, hakunikaribisha. Nilikuwa nimepona, jamani, hospitali ilisema nimepona, lakini sikuwa na pa kuwa mtu. Nikaanza kulitazama pori. Nawaambia kweli, taya zilianza kuniuma tena.

Ndipo nikamfuata zizini. Nikapiga magoti kwa mbali, nikasema, "Shikamoo Bibi." Hakuitikia. Nikasema tu, nikamweleza yale ya kijitoni. Nilifikiri ataniua na jembe alilokuwa nalo, na sikuwa na mpango wa kukimbia. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Alikuwa anakuletea wewe?"

"Ndiyo, Bibi."

"Ugali wangu? Niliousonga mimi?"

"Ndiyo, Bibi."

Akakaa chini kwenye samadi, mzee yule, kanga na yote. Akasema, "Nilikusikia ulipoita. Mimi si kiziwi. Mtoto akaitika, na mimi mtu mzima nikamnyamazisha. Ningefungua ule mlango, leo ningekuwa na wawili." Kisha akainuka na jembe lake, akaenda nyuma ya nyumba, akaanza kupiga ukuta. Mama alitaka kumsaidia, akakataa. Alipiga mpaka mikono ikatoka malengelenge. Tundu lilipotosha, akaniambia, "Sijakusamehe, na wewe usinisamehe haraka. Ingia."

Nikatambaa. Yale ambayo daktari alinikataza, nikayafanya mara moja ya mwisho, kwa mikono na magoti, nikiwa nimefumba macho. Mama alinipokea ndani kwa kitenge. Bibi akazunguka kwa mlango, akamega ugali, akanitia mdomoni kwa mkono wake mwenyewe. Nilimeza huku nalia. Ulikuwa na ladha ile ile.

Nawashukuru wale wanawake wa nyasi. Namshukuru daktari, na nesi wangu wa kupiga magoti. Namshukuru mama. Nyinyi mlio na mgonjwa ambaye hamwelewi tena, aliyebadilika sura au tabia, msiharakishe kumlilia. Mtu wako akiita mlangoni, fungua kwanza umwone, hata kama unaogopa, hata kama wazee walisema vinginevyo. Na wewe uliyepona huku kuna mtu ameumia kwa ajili yako, mimi sina dawa ya hilo. Nakuambia tu, sema ulichofanya, usipunguze, halafu kaa pale pale. Usirudi porini.

Jambo moja limebaki. Tundu lile desturi ni lizibwe siku hiyo hiyo. Mama alikanda udongo, Bibi akaumwaga. Akatundika gunia tu. Mvua ikija, maji yanaingia, na upepo, na ninayelala pale ni mimi. Nilimwambia, "Bibi, tuzibe." Akasema, "Hata huyu mwingine tulimlilia bila mwili. Akija, atapita wapi?"

Najua hatakuja. Nilikuwepo. Nimemwambia Bibi mara nyingi, naye ananijibu nile ugali wangu ninyamaze. Basi jioni nikimaliza kula, nabakiza kipande, nakiweka pale chini ya gunia. Asubuhi nakikuta kimekauka, nakichukua nakiweka mfukoni.