Koo Lililopakwa Buluu

Enzi zetu pale Manika, mtoto akilalamika koo hakupelekwa popote. Mama alizungushia pamba kwenye kijiti, akaichovya katika ile dawa ya buluu, akakupaka hadi ukaribie kutapika. Kesho yake shuleni tulitoleana ndimi kuona buluu ya nani imekolea zaidi. Tulijivuna kweli! Watoto wa leo wakionyeshwa kijiti kile wataita polisi.

Mama aliiamini buluu yake. Koo likiacha kuuma, ugonjwa umekwisha, na hakupenda utajwe tena.

Dada yangu Bea alikuwa na miaka kumi alipopakwa hivyo, akapona. Baada ya wiki tatu goti lake likavimba, likawa la moto. Lilipotulia, kifundo cha mguu kikaanza. Mama alimkanda kwa mafuta ya mawese, akisema mtoto anarefuka tu. Maumivu yalipozidi, tukaenda naye dispensari.

Muuguzi akauliza, "Mama, huyu mutoto alikuwaka na maumivu ya koo?"

"Hapana, baba. Koo yake iko muzima."

Hakudanganya. Kwake yeye, kilichopona hakihesabiwi. Tukarudi nyumbani na vidonge vya goti, na wiki mbili zikapotea hivyo. Bea alipoanza kuhema akivuka uwanja wa nyumba, tukampeleka hospitali. Daktari akaagiza ASLO, kipimo cha damu kinachoonyesha kama vijidudu vya koo vimepita mwilini karibuni. Majibu yakawa juu sana.

"Mama, damu inaonyesha koo iligonjwa, haina siku mingi," daktari alisema.

"Lakini mi nilimuponyesha!" Mama akajibu, akaanza kulia.

Ugonjwa wa koo usiotibiwa sawasawa unaweza kudhuru viungo na moyo, na moyo wa Bea ulikuwa umekwisha kuguswa. Alichomwa penisilini kila mwezi, miaka na miaka, Mama akimsindikiza kila mara.

Siku hizi labo za kupima damu ziko kila kona, na binti yangu akitaja koo, tunaenda dispensari siku hiyo hiyo. Ananicheka, eti naogopa bure. Naukumbuka utoto wetu kwa hamu, sifichi. Lakini nakumbuka pia tukitoka bombani na maji, Bea akisimama njiani kupumzika mara tatu, na Mama, ndoo kichwani, akisimama naye kila mara na kusema ni yeye mwenyewe aliyechoka, si Bea.