Akala ya Kushoto

Mkitaka kucheka chekeni, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, jua likiwa utosini. Ilikuwa mwaka 2012, nyumbani kwetu Lodwar.

Mama yangu alikuwa hatupi kitu. Sisemi alikuwa mwangalifu, nasema hatupi! Mikebe ya mafuta ya msaada, mitungi iliyopasuka, viatu vya upande mmoja, vyote vilirundikwa hadi kwenye mabati, nasi tukipita katikati kwa ubavu. Nimekua nikilala na redio tatu mbovu miguuni. Ukimuuliza, jibu lilikuwa moja: "Mwenyewe atakuja." Na kwetu Waturkana kuomba si aibu, mtu atakuomba hata shati ulilovaa. Mama hakumnyima mtu chai wala ugali, lakini ukimwomba mkebe mmoja tu wa lile rundo, uso ulimbadilika.

Shida ilikuja nilipochumbiwa na Ekiru, mwalimu wa Kakuma. Watu wake walikuwa waje Jumamosi kuniposa, na kwetu hapakuwa na mahali pa mgeni kuketi. Mwaka mzima nilikuwa nimemficha Ekiru habari za nyumba ile. Nani angetaka kuoa humo? Basi Alhamisi, Mama alipokwenda sokoni kuuza vikapu vyake, nikaanza kujaza magunia ili niyapeleke jalalani kabla hajarudi.

Nilikuwa nafunga gunia la viatu niliposikia salamu langoni: "Ejok!"

Alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini, shanga tele shingoni, meno ya chini ya mbele yameng'olewa kwa desturi yetu, anacheka kana kwamba tunajuana. Mguu wa kulia alivaa akala ya tairi, wa kushoto ulikuwa peku. Na niamini, shuka lake lilikuwa linachuruzika maji. Lodwar hii, ambapo hatukuwa tumeona mvua kwa miezi! Nikadhani ametoka bombani.

"Nipe akala," akasema.

"Chagua, dada. Gunia zima ni lako."

"Hapana. Ile ya kushoto. Iko chini kabisa, imefungwa na waya."

Nikapekua, nikaikuta, kuukuu, ukanda wake umefungwa kwa waya wa shaba. Je, nilijiuliza amejuaje? Wala! Nilifurahi kupunguziwa mzigo. Akaivaa, ikamkaa sawasawa. Ilikuwa pacha wa ile ya kulia.

"Ambia mama yako amenichungia vizuri. Sasa apumzike." Akaenda zake akicheka.

Mama aliporudi na kusikia kwamba akala ya kushoto imeondoka, aliketi mchangani pale pale. Ndipo nikaambiwa nisichowahi kuambiwa. Alipokuwa msichana mdogo huko Kaikor, laga, yaani mto mkavu unaofurika ghafla, ilimchukua mama yake akivuka. Kilichopatikana ni akala ya kushoto peke yake. Tangu siku hiyo Mama hakuweza kuachilia kitu. Nami nimeigawa langoni! Nililia sana. Kwa kwikwi nikamweleza kuhusu lile shuka na kile kicheko.

Mama akamwita kaka yake, Mjomba Eregae, mfugaji anayetambua mbuzi na watu kwa nyayo zao. Mjomba akazisoma. Kuja, kulia akala, kushoto peku. Kwenda, akala zote mbili, mpaka katikati ya mchanga wa laga, zikaishia hapo. Mjomba akachuchumaa, akapima alama ya kisigino kwa kidole.

"Huyu anakanyaga kisigino kwa nje," akasema. "Dada, huyu ni mama yetu."

Mnadhani Mama aliogopa? Alicheka huku machozi yakimtiririka. "Mwenyewe amekuja," akasema, kisha akafungua lango na kuwapigia majirani kelele: "Kujeni muombe!" Lo! Mturkana aambiwe aombe? Kufikia Ijumaa jioni sebule ilikuwa wazi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikajua sakafu yetu ni nyekundu. Jumamosi watu wa Ekiru waliketi juu yake wakanywa chai. Nilikuwa na furaha hata nikasahau kuona haya.

Tulioana Kakuma, 2013, na watu wakacheza hadi vumbi likafunika uwanja. Vumbi lilipotulia, Mjomba alinivuta mkono, akanionyesha katikati ya nyayo zote zile jozi moja ya akala, kisigino kwa nje, na ya kushoto ina mkwaruzo wa waya.

Mama bado anaokota vifuniko vya chupa, lakini sebule haigusi. Mimi ndimi mgonjwa sasa: nyuma ya mlango wangu kuna kiatu cha upande mmoja nilichookota njiani, na Ekiru ameshazoea. Nawe, kabla hujatupa takataka za mama yako, muulize kwanza ni za nani. Na mtu akikuomba kiatu, mtazame miguu, halafu mpe upesi.