Ploti Inataka Nimchape Mtoto kwa Kusema Ukweli

Admin, naomba jina langu libaki kwako tu. Mengine weka vile nimeandika, hata kama Kiswahili changu ni cha mtu aliyeachia darasa la nane. Mimi ni mama wa miaka ishirini na tatu. Nakaa mtaa wa Lindi hapa Kibera, Nairobi, na bwanangu, yeye ni wa mjengo, kibarua wa kujenga nyumba, na mtoto wetu mmoja wa miaka mitano. Nitamwita Tasha. Mimi hufulia watu nguo kule Kawangware. Jumamosi hii wapangaji wa ploti yetu wameitisha mkutano juu ya huyo mtoto, na wanataka nimchape mbele yao.

Kwetu nilikolelewa, ukivunja kikombe ulichapwa, na ukisema umevunja ulichapwa vile vile. Kwa hivyo tulijua kusingizia paka. Nilipompata Tasha nikaapa huyu hatakuwa mtu wa kusingizia paka. Tukawekeana agano, mimi na yeye: ukisema ukweli, huchapwi. Akimwaga unga anakuja mwenyewe, "Mum, nimemwaga unga, ni ukweli." Nauma meno, naokota unga. Akikata pazia na makasi anakuja tu. Kuna siku nimetoka nje nikasimama kando ya mtaro mpaka hasira ipoe, ndiyo mkono usiende. Maanake hata mimi nilikuwa najifunza. Upole haukuji siku moja. Leo unapigana na mkono wako, kesho unapigana nao tena, halafu unashtuka siku hizi unatulia wenyewe. Nilikuwa naona tunafika.

Sasa, stima yetu ni ya sambaza, ya kuunganishwa kwa wizi, haina mita. Waya inatoka kwa nguzo, inapita nyuma ya choo chini ya bati, inaingia nyumba kwa nyumba. Watu wa stima wakionekana, mtu anapiga mluzi, waya inavutwa, na kila mtu anatoka kuanika nguo kama mtakatifu. Watoto wote wa hapa wameambiwa, ukiulizwa sema hujui. Mimi hiyo sikuwahi kumwambia Tasha. Sikufikiria kuna mtu angemuuliza.

Jumatatu nilikuwa kazini, nimemwacha kwa jirani yangu Mama Brayo, anayeuza samaki. Watu wa stima wakaja, mluzi ukapigwa, waya ikafichwa. Walikuwa karibu kuondoka. Kijana mmoja wa helmeti akainama, akamuuliza Tasha, "Mrembo, TV yenu huonyesha katuni?"

"Ndiyo."

"Na stima yake hutoka wapi?"

Mtoto akamshika mkono, akampeleka nyuma ya choo, akamwonyesha bati. "Iko hapa chini. Ni ukweli."

Walikata yote na kubeba waya. Kinyozi amefunga mpaka leo. Jioni nilipofika nilikuta watu wamejaa mlangoni kwangu.

"Mama Tasha, kumbe unatulelea CID."

"Huyo ni askari kanjo mdogo. Mshonee yunifomu aanze kazi."

Watu wakacheka. Mama Brayo hakucheka. Alisema, "Huyu mtoto ameachishwa ziwa akala kwa sahani yangu. Kesho samaki wangu wote wa friji natupa. Na wewe bado umembeba."

Hiyo iliniuma, kwa sababu ni kweli. Siku ya pili nilienda kwake nikamsaidia kuosha friji, harufu ikitutoa machozi sisi wawili. Nikamwambia kosa ni langu, mimi ndiye sikumwandaa mtoto. Akasema, "Si wewe nataka, mama. Nataka yeye asikie." Uchungu wake siukatai. Na mimi si msafi, nilipiga pasi na hiyo stima kama wengine. Sitasimama kwa mkutano kuhubiria mtu.

Bwanangu naye ameshindwa kupita kwa ploti bila kuitwa baba CID. Ananiambia, "Mchape viboko viwili tu, wakuone, iishe. Ni mtoto, atasahau."

"Akiniuliza amekosa nini?"

"Mwambie amekosa adabu."

"Baba Tasha, adabu yenyewe ndiyo hiyo amefanya."

"Basi hiyo adabu yako itatulaza nje."

Kisha Brayo, mtoto wa jirani, akamwambia Tasha kile kinamngoja Jumamosi. Tasha akaja akasimama mbele yangu, mikono nyuma. "Mum, lakini nilisema ukweli." Hakulia. Alikuwa ananikumbusha tu, kama mtu anayedhani mwenzake amesahau.

Kwa hivyo nimeamua. Jumamosi nitaenda, nimemshika mkono, na kiboko hakitamgusa, kiwe changu au cha mtu mwingine. Nikimchapa kwa hili, miaka yote nimejizuia itakuwa ya bure, na mwaka ujao atakuwa anaficha mambo ambayo nitalia nikiyajua. Wakisema tuhame, Kawangware kuna vyumba. Bwanangu akikataa kuhama, tutajua hapo mbele.

Hilo siwaulizi. Nawauliza hili, nyinyi wazazi wa hii group mmelea kunishinda. Nataka Tasha amfikirie jirani kabla hajafungua mdomo, ajue kuna mtu analala njaa kwa neno lake, lakini sitaki nimfundishe uongo. Hayo mawili yanakaa kwa mtoto mmoja? Nimwambie nini, kwa maneno gani, aelewe na miaka yake mitano? Nishaurini kabla ya Jumamosi. Na kama ushauri wako ni kiboko, pita tu, usijichoshe kuandika.