Bonyeo la Nyigu

Ukitaka kumjua fundi Pasi, mpe kijiko kilichopinda. Hatakuuliza ni cha nani wala kimepindaje. Atakibana kwenye goti, na kabla hujamaliza kusema "hebu", kijiko kimenyooka. Jina lake la kuzaliwa lipo kwenye kitambulisho na linatosha hapo hapo. Watu wote wanamwita Pasi, maana hakuna kitu kilichokunjamana kikapita mbele yake salama. Fremu za picha, mageti ya majirani, kola za mashati ya wageni, vyote ananyoosha. Mkewe husema siku ya ndoa yao bwana harusi alianza kwa kumnyoosha shela, na picha ipo, mkono unaonekana.

Kazi yake ni fundi bodi. Gari likigongwa, likipondeka, likibonyea ubavuni, linaletwa kwake, kwenye banda la mabati alilolijenga mbele ya nyumba yake. Banda limejaa milango isiyo na magari na magari yasiyo na milango, na harufu ya rangi imeshaingia mpaka kwenye mapazia ya sebuleni. Injini hazimhusu. Ukimwambia gari haliwaki, anakutazama kama umemuuliza habari za mwezini. Yeye ni bati tu: nyundo ya mpira upande huu, chuma cha kukingia upande wa pili, na kiganja cha kushoto kinachopapasa kutafuta kama pamebaki kilima.

"Macho yanadanganya," husema. "Kiganja hakidanganyi."

Chanzo cha mambo yote hayo kilikuwa gari moja lililoitwa Nyigu. Lilikuwa gari la mashindano, la njano, lenye mistari myeusi, dogo kuliko mengine yote na lenye sauti ya kuudhi kuliko yote. Dereva wake aliitwa Rubani, kwa sababu watu waliapa kuwa kwenye matuta magurudumu yake hayakugusa chini. Mashindano makubwa aliyashinda Nyigu likiwa na bonyeo kwenye madigadi ya mbele, lile bati linalofunika gurudumu, upande wa dereva: bonyeo la mviringo, lenye kina cha kulaza chungwa. Mtangazaji wa redio akamsogezea kipaza sauti mbele ya umati na kumuuliza ni nini kile. Rubani akafuta vumbi mdomoni, akajibu, "Jiwe."

Alisema hivyo tu, jamani. Lakini watu hawakosi chumvi. Jiwe likawa mwamba, mwamba ukaporomoka mlimani, na Rubani akaupita akiwa ameshika usukani kwa mkono mmoja. Tangu siku ile wanafunzi wenye mitihani walikuwa wakija kuweka mkono kwenye bonyeo la Nyigu, na wanaotafuta wachumba pia.

Pasi alikuwepo siku hiyo, kijana mbichi, amebanwa kwenye kamba mstari wa mbele. Wenzake walimtazama mshindi. Yeye alilitazama bonyeo, na kiganja kikaanza kumwasha. Akaenda kujifunza ufundi bodi, na alipoiva kazini alimtafuta Rubani mwenyewe na kumwambia atalinyoosha lile bonyeo liwe kama halikuwahi kuwapo. Rubani alicheka, akamshika bega.

"Mdogo wangu, nyoosha dunia nzima," alimwambia. "Hilo niachie."

Miaka ikaenda. Rubani akazeeka, Nyigu likauzwa, likauzwa tena, halafu likapotea kabisa. Sasa juzijuzi likaonekana kwenye ghala la kiwanda cha unga, chini ya magunia matupu, kuku akiwa ametagia kwenye kiti cha dereva. Mkurugenzi wa makumbusho, mama mmoja mchangamfu asiyekaa kitako, akaliokoa. Injini alimpa fundi wa injini. Bodi akaileta kwa Pasi.

"Fundi, naomba ling'ae," alisema. "Jumamosi mzee Rubani mwenyewe anakuja kulizindua. Ila lile bonyeo tafadhali..."

"Mama, bonyeo hilo nalijua tangu wewe hujazaliwa," Pasi alimkata, kifua mbele. "Hilo halina wa kuligusa."

Kuna mtu mwingine ambaye angefaa kumsikiliza siku zile, na huyo ni mkewe. Binti yao mdogo, aliyeolewa mji wa pili, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, mjukuu wao wa kwanza. Bibi alifungasha begi siku ile ile. Babu akasema kesho. Kesho yake akasema acha nimalize paa, tutaondoka kesho. Baada ya paa ikaja milango. Begi likakaa mlangoni mpaka watu wakawa wanaliruka kama kizingiti.

"Mtoto atasahau kama ana babu," mkewe alimwambia.

"Mtoto hata macho hajafungua vizuri, atamsahau nani?"

Na kazi ilikuwa tamu, tusimwonee. Alikuwa amekwangua kutu na rangi ya zamani yote, bati liko uchi, linang'aa. Anapiga mluzi. Anawaza Jumamosi itakavyokuwa, Rubani atakavyomshika mkono, yeye atakavyosema, "Unanikumbuka, mzee? Ni yule kijana." Kiganja kikapita juu ya madigadi, kikakuta shimo. Nyundo ikainuka. Pasi aliendelea kupiga mluzi, ko-ko-ko, anapapasa, anapiga, anapapasa, na moyo wake umetulia tuli, maana hakuna raha duniani kama bati linalorudi mahali pake.

Mkewe akaingia na chakula. Akasimama.

"Baba watoto, lile bonyeo liko wapi?"

"Si hilo ha..." Pasi akageuka. Madigadi ilikuwa laini kama yai.

Loo! Nyundo ilimponyoka ikamwangukia mguuni, na wala hakusikia maumivu. Mkewe aliweka chakula juu ya boneti, akashika kiuno, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Alipoona mwenzake hacheki, akanyamaza. Uso wa mumewe ulikuwa wa mtu aliyefiwa.

"Kitu kimoja tu mzee yule alikuwa ameniomba," Pasi alisema. "Maisha yangu yote ni kitu kimoja."

Kilichofuata kilikuwa kichekesho, ila si kwake. Fundi aliyenyoosha mabati maisha yake yote sasa anatafuta namna ya kubonyeza moja. Akapiga kwa nyundo. Likatoka bonyeo safi, nadhifu, la kitaalamu, kama limetoka kiwandani. Mtoto mdogo angejua ni la uongo. Akalinyoosha. Akapanda ngazi na jiwe, akaliachia. Jiwe likakwaruza bati na kuacha kidonda chenye ncha, wala hakikufanana na kile cha kwenye picha ya zamani aliyoibandika ukutani. Akanyoosha. Akajaribu jiwe kubwa zaidi, akakosa shabaha, akavunja taa ya gari la mteja mwingine. Mawe yote ya mtaa ule aliyajaribu, na hakuna lililotoa umbo la mviringo kama la pichani. Chakula kikawa kinaletwa cha moto na kurudi kimepoa. Na shetani naye hakukosa la kusema: nyamaza, lipake rangi hivyo hivyo, mzee ana miaka themanini, ataona nini?

Ijumaa asubuhi mkewe alitokea bandani na begi begani.

"Mimi ndiyo nakwenda. Unakuja au huji?"

"Mke wangu, nimalizie hili tu."

"Hili tu!" Sauti ikapanda. "Mtoto atatambaa, hili tu. Ataota meno, hili tu. Ataoa, babu yake yuko bandani anabembeleza bati, hili tu!"

Aliitazama picha ukutani. Akalitazama bati. Akaitazama tena picha, safari hii kwa kukunja macho. Kisha akatua begi, akaingia jikoni, akarudi na mchi wa kinu.

"Sogea."

"Unataka kufanya nini?"

"Sogea, nisije nikakuchanganya na gari!"

Pasi akaruka pembeni. Mchi ukapanda, ukashuka mara moja tu.

"Hii ni ya mjukuu wangu!"

Bati lililia mpaka mbwa wa jirani wakaitikia. Vumbi lilipotua, Pasi alisogea polepole na kuweka kiganja. Mviringo. Kina cha chungwa. Hata ule mkunjo mdogo pembeni, ambao yeye alikuwa ameutafuta kwa nyundo tatu, ulikuwepo pale pale.

"Mke wangu! Hebu ru... hapana, usirudie! Usiguse tena!"

Mkewe alikuwa ameshageuka. Alirudisha mchi jikoni, akaja kukaa juu ya begi lake. "Paka rangi yako," alisema. "Kesho mzee akishakata utepe, tunatokea pale pale kwenda stendi."

Jumamosi ua wa makumbusho ulifurika. Nyigu liko katikati, njano inaumiza macho, na Mkurugenzi anazunguka kama pia. Watu walipanga foleni kugusa bonyeo. Walilisifu. Mmoja alisema anakumbuka hata ukubwa wa mwamba. Pasi alisimama nyuma katika suti yake ya pekee, kijasho chembamba kinamtoka, mkewe ubavuni na begi lake.

Rubani alishuka kwenye gari la mwanawe akiwa na mkongojo. Amekonda, mzee wa watu, lakini mgongo ameunyoosha. Hakwenda kwenye usukani. Alikwenda moja kwa moja kwenye madigadi, akauegemeza mkongojo, akaweka mkono ndani ya bonyeo. Umati ukapiga makofi, halafu makofi yakaisha, na mkono bado uko pale. Mwishowe akamnong'oneza Mkurugenzi, naye akawasogeza watu mpaka kwenye kivuli cha ukuta, kamera na redio na wote.

"Fundi ni nani?" Rubani aliuliza.

Pasi akajikaza kisabuni, akasogea. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hili si lenyewe."

Jibu la uongo lilikuwa tayari ulimini, limepakwa na rangi. Lakini kilichouliza kilikuwa kiganja, na Pasi anaviheshimu viganja.

"Si lenyewe, mzee. Nililinyoosha. Mkono ulinitangulia akili. Ulinikataza nikiwa kijana, na nimekuja kulifanya uzeeni. Nisamehe."

Rubani aliupitisha tena mkono juu ya bati.

"Unajua lilipigwa na nini?"

"Jiwe, mzee."

"Hakukuwa na jiwe lolote. Alilipiga mke wangu." Alisema taratibu, macho yake kwenye bati. "Mtoto wetu wa kwanza alikuwa njiani. Nilimwahidi safari hii siendi, nakaa naye. Asubuhi akatoka akanikuta nimeshavaa helmeti. Alikuwa anatwanga. Alinifuata mpaka barabarani na mchi mkononi, tumbo lile mbele yake, akapiga mara moja, akarudi ndani. Nikashinda mashindano. Narudi nyumbani nakuta mtoto kazaliwa, mama yake hanisemeshi. Siku aliyonisemesha aliniambia, usithubutu kulinyoosha, nataka kila ukiingia kwenye gari lako uanze kwa kuliona. Sasa hayupo tena, fundi. Nilichofuata leo si gari. Nilitaka kugusa pale alipopiga."

Pasi alitamani ardhi ipasuke. Kusikitika alikuwa amesikitika wiki nzima, lakini sasa ndipo alipojua alichokifuta. Machozi yalimtoka waziwazi, mbele ya umati, na hakuyapangusa.

Rubani aliendelea kupapasa. Vidole vyake vilifika kwenye ule mkunjo mdogo wa pembeni, vikasimama.

"Lakini mbona linafanana hivi?" aliuliza. "Umepiga na nini?"

"Si mimi, mzee. Mimi nilishindwa." Pasi akamwonyesha kwa kidevu. "Ni mama watoto wangu, yule mwenye begi. Alipiga kwa mchi."

Mzee aligeuka taratibu, akamtazama mama yule kutoka kitambaa cha kichwani mpaka viatu vya safari.

"Shemeji, hebu njoo."

Akaja, begi begani, amejiandaa kwa lolote.

"Ulipiga mara ngapi?"

"Moja, mzee wangu."

"Na ulipopiga, ulikuwa umekasirika?"

"Nisikudanganye. Tangu nizaliwe sijakasirika vile. Mjukuu wetu wa kwanza kazaliwa, na huyu bwana kila siku ananiambia kesho."

Rubani alianza kucheka. Kicheko kilianzia tumboni, kikamtikisa mabega, kikamlazimu kuushika mlango wa Nyigu asianguke, na hapo katikati kikachanganyika na kilio, hata yeye hakujua kipi ni kipi. Akarudisha mkono ndani ya bonyeo, akafumba macho.

"Basi ndilo lenyewe," alisema.

Mkurugenzi alipokuja kuuliza kibao kiandikwe nini, Rubani alimwambia aandike jiwe, maana marehemu hakupenda mambo ya nyumbani kwake yatangazwe. Kisha akamgeukia Pasi.

"Na wewe bado umesimama hapa?"

Hotuba zilianza, lakini Pasi hakuzisikia. Alikuwa ameshalichukua begi la mkewe, wanakatiza uani kuelekea stendi, mkewe mbele na yeye anamkimbilia nyuma. Mkanda wa begi ulikuwa umejisokota begani mwake, na hakuunyoosha mpaka walipofika kwa mtoto.